Urubani na Uchanganuzi wa Data: Mwanafunzi Anasaini Nini Siku ya Usajili?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za Tanzania huingia katika msimu wa hesabu. Mzazi na mtoto hukaa mbele ya mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na humo kila programu imepewa mstari wake: jina, msimbo, sifa za kujiunga, idadi ya miaka. Shahada ya uchanganuzi wa data za biashara ina mstari. Programu za usafiri wa anga zina mstari. Ukizitazama kwa macho ya haraka zinafanana, na mfumo wa udahili wenyewe unazishughulikia kwa namna moja. Sifa za jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla isiyopungua pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Kenya nako mlango wa shahada ni C+ katika mtihani wa KCSE, na upangaji wa wanafunzi hupitia KUCCPS.

Hoja yangu ni kwamba ufanano huo unawagharimu vijana wetu. Kozi ya urubani inalipwa kwa saa na inategemea mwili, fedha na hali ya hewa. Kozi ya uchanganuzi inategemea msingi wa hisabati uliojengwa miaka kadhaa kabla. Anayetaka zote mbili, na vijana wa namna hiyo wanaongezeka, anahitaji kujua mambo ambayo mwongozo hauna nafasi ya kuyaeleza.

Tuanze na lililo kubwa: chuo hakitoi leseni ya urubani. Chuo hutoa shahada, stashahada au cheti. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, yaani TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, UCAA kwa Uganda, na zote hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Leseni ya rubani binafsi inataka umri usiopungua miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 kama mafunzo yote yamefanyika katika kozi iliyoidhinishwa. Ndani ya saa hizo mwanafunzi lazima aruke peke yake saa 10, na 5 kati ya hizo ziwe za safari ya kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Mojawapo ya safari hizo ifikishe kilomita 270, na atue na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Mzunguko wa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na kurudi Dar es Salaam unaupita umbali huo. Unaweza kufaulu mitihani yote ya darasani kwa A na bado usiwe rubani, kwa sababu saa hazijatimia.

Na kabla ya saa kuna daktari. Rubani binafsi anatakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la pili, na anayelenga urubani wa biashara anahitaji cha daraja la kwanza. Uchunguzi huo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka, kwa hiyo karatasi ya hospitali ya wilaya uliyopeleka chuoni siku ya usajili haihusiani nao. Wanapima moyo, masikio, shinikizo la damu, macho, na uwezo wa kutofautisha rangi kwa zile kurasa za nukta zenye namba iliyofichwa. Wapo vijana wenye afya njema kabisa ambao hawajawahi kujua kwamba nyekundu na kijani zinawachanganya, kwa sababu hakuna siku maisha yaliwahi kuwauliza. Anayevaa miwani asikate tamaa, maana miwani inaruhusiwa mradi uoni uliorekebishwa ufikie kiwango. Ninachosisitiza ni mpangilio wa hatua: nenda kwa daktari huyo kwanza, na kama ndoto yako ni kuajiriwa, omba kupimwa daraja la kwanza tangu mwanzo. Anayelipa ada, kununua sare na vitabu, kisha kwenda kupimwa katikati ya mwaka, anaweka rehani fedha za ukoo kwa jambo ambalo lingejulikana kwa asubuhi moja.

Kisha fedha zenyewe. Ada ya muhula ni namba unayoijua mapema: unapewa namba ya malipo, unalipa, umemaliza. Saa za kuruka hazina tabia hiyo. Katika ndege ya mafunzo kuna kipimo kidogo kinachoanza kuhesabu injini inapowaka, na bili inafuata kipimo. Ndege inayotumika zaidi duniani kwa mafunzo ni Cessna 172, yenye viti vinne na bawa juu, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Inakunywa takribani lita 30 hadi 35 za mafuta kwa saa, hivyo saa 40 ni kati ya lita 1,200 na 1,400. Mafuta yake si yale ya ndege kubwa. Injini nyingi za aina hiyo zinatumia petroli maalumu ya ndege, avigesi, ambayo kwetu huagizwa kutoka nje, hupatikana viwanja vichache na bei yake ni ya juu. Ndiyo maana baadhi ya shule zimehamia ndege zenye injini za dizeli zinazotumia mafuta ya ndege za abiria. Ongeza malipo ya mkufunzi, tozo za kutua, mitihani ya mamlaka, na malipo ya mtahini wa mwisho.

Na saa 40 ni kiwango cha chini. Wengi humaliza wakiwa wamezipita, wengine kwa mbali, na sababu kubwa ni mapengo. Anayeruka mara 3 kwa wiki anaanza somo la leo pale alipoachia juzi. Anayeruka mara moja kila baada ya wiki mbili, kwa kufuata bumu au mshahara wa mzazi, anatumia nusu ya somo kukumbushwa alichokwisha kukilipia. Mikono inasahau haraka, hasa katika kutua. Kwa hiyo njia inayoonekana nafuu, ya kulipa kidogo kidogo, ndiyo ghali kuliko zote. Ushauri wangu ni mkali kidogo, lakini nausimamia: usiruke saa ya kwanza kabla fedha ya leseni nzima haijawa mkononi au haijathibitishwa kwa maandishi. Kama unategemea Bodi ya Mikopo, uliza kabla ya kusaini kama saa za kuruka za programu hiyo zimo katika mkopo, na jibu ulipate kwa barua.

Asiyewahi kuliona somo la kuruka hudhani saa moja ni saa moja. Mwanafunzi anafika uwanjani kukiwa bado kuna baridi. Anaizunguka ndege na orodha ya ukaguzi mkononi: matairi, bawaba za usukani wa mkia, kiwango cha oili. Chini ya bawa anafyonza mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki kinachopenya mwanga na kukiinua juu. Avigesi ya kawaida ina rangi ya buluu hafifu. Maji yakiwamo, hukaa chini kama tone angavu, na maji hayo yakifika kwenye injini hewani yanaweza kuizima. Anamwaga, anafyonza tena mpaka kikombe kiwe cha rangi moja. Halafu kuna maelezo ya mkufunzi, kuomba ruhusa kwa redio, kusubiri ndege kubwa itue, kuruka kwenyewe, kurudi, na kuketi kuchambua makosa. Kwa saa moja ya kipimo, asubuhi nzima imekwenda. Mwanafunzi aliyejisajili somo la takwimu saa nne asubuhi siku hiyohiyo hatafika, au atafika akiwa nusu yake imebaki uwanjani.

Na asubuhi hizo haziwezi kuhamishiwa alasiri kirahisi. Jua likishapanda, ardhi hupata joto, hewa hupanda kwa mafungu na ndege ndogo hurukaruka, jambo linalomsumbua anayejifunza. Kwenye nyanda za juu kuna tatizo la nyongeza. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Arusha unakaribia mita 1,390. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto likiizidishia wepesi, ndege ileile iliyopaa kwa raha Dar es Salaam inahitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia na inapanda polepole. Somo hilo ni zuri kwa rubani, ila kwa ratiba ya chuo ni kikwazo.

Hapa kalenda ya chuo na kalenda ya mvua zinagongana. Katika vyuo vingi vya Tanzania muhula wa pili huangukia miezi ya Machi hadi Juni, na masika ni Machi hadi Mei. Rubani mwanafunzi huruka kwa kuona, yaani anahitaji upeo wa macho wa kilomita kadhaa na mawingu yasiyoshuka mno. Wiki ya mvua huweza kupita bila hata saa moja. Nairobi nayo ina mawingu mazito ya asubuhi mwezi wa saba, wakati hasa ambapo mtu angetaka utulivu wa asubuhi. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, hesabu inayonikaa vizuri ni hii: mihula miwili itumike kwa nadharia ya urubani, yaani sheria za anga, hali ya hewa, usomaji ramani, kanuni za ndege kuruka, mawasiliano ya redio na mengineyo, sambamba na masomo ya uchanganuzi. Saa za kuruka zirundikwe katika likizo ndefu, ambayo hukutana na kiangazi. Mara 3 kwa wiki kwa wiki 14 ni safari 42 za takribani saa moja, na hapo leseni iko karibu. Mpango huu una adui mmoja anayejulikana na kila mwanachuo: sapu. Mitihani ya marudio hufanyika ndani ya likizo hiyohiyo, na aliyekamatwa masomo mawili anajikuta anasoma kalkulasi wakati ndege imekaa tayari na anga ni jeupe.

Hilo linatuleta kwenye uchanganuzi wa data za biashara, ambao kwa nje unaonekana mwepesi zaidi. Hauna daktari, hauna mafuta. Hatari yake imejificha kwenye jina. Fani hii katika sura yake ya chuo bado ni changa: Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, kilianzisha shahada yake ya uzamili katika uchanganuzi mwaka 2007, na ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Tangu hapo jina limesambaa kuliko walimu. Kwa kuwa linavutia waombaji, zipo programu zilizopakwa rangi mpya juu ya utawala wa biashara wa zamani. Namna ya kuzitambua ni kuomba orodha ya masomo ya miaka yote na kutafuta vitu vitatu: takwimu na nadharia ya uwezekano katika mwaka wa kwanza, somo zima la hifadhidata na lugha yake ya kuuliza, SQL, na angalau somo moja la kuandika programu kwa Python au R. Kama havimo, basi hiyo ni kozi nyingine, na inaweza kuwa nzuri kwa kazi yake, ila usiilipie kwa jina hili.

Swali linalofuata linamhusu mwanafunzi mwenyewe. Aliyesoma tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) anaingia na hisabati ya juu. Aliyesoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu) au HGE (historia, jiografia na uchumi) mara nyingi anaingia na hisabati tumizi ya msingi, ile BAM, ambayo wengi waliisoma kwa lengo la kufaulu tu. Pointi za kujiunga zinaweza kuwa sawa kabisa, lakini wiki ya tano ya somo la takwimu hawako mahali pamoja. Sisemi wa ECA asiombe. Mtu anayeielewa leja na mizania ana faida ambayo mwenzake wa EGM ataihangaikia. Nasema miezi kati ya matokeo na kufunguliwa kwa chuo aitumie kwa uwezekano, grafu na aljebra, kwa sababu chuo hakitarudi nyuma kumfuata.

Kazi yenyewe haina fahari ambayo matangazo huipa. Chukua duka la jumla la Kariakoo linalotaka kujua wateja gani wananunua mara kwa mara. Kwenye jedwali la mauzo mteja mmoja ameandikwa Juma Ally, Ally Juma, J. Ally na «Juma wa Mbagala». Namba za simu nyingine zinaanza na 0, nyingine na 255. Tarehe za karani mmoja zinatanguliza siku, za mwingine mwezi, na mauzo ya tarehe 3 mwezi wa nne yanasomeka kama ya tarehe 4 mwezi wa tatu. Mchanganuzi hutumia sehemu kubwa ya wiki kusafisha haya kabla hajachora hata grafu moja. Anayeruka hatua hiyo atamwambia mwenye duka kwamba ana wateja wapya wengi, kumbe ni Juma yuleyule mara nne. Kijana asiye na subira ya kazi hii ajichunguze mapema, kwa sababu ndiyo sehemu kubwa ya ajira.

Mahitaji kwetu ni ya kweli. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, M-Shwari ikafuata mwaka 2012, na tangu hapo mikopo midogo inatolewa kwa kusoma mienendo ya simu ya mtu bila afisa wa benki kumwona uso. Ndiyo sababu naamini somo la sheria za faragha halipaswi kuwa la hiari katika kozi hii. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Mhitimu anayejua kutabiri nani atashindwa kulipa, bila kujua mipaka ya kutumia kitabu cha simu cha mtu, ni hatari kwa mwajiri na kwa jirani zake.

Je, fani hizi mbili zinakutana wapi? Zinakutana mahali pa zamani kuliko wengi wanavyodhani. American Airlines na IBM walijenga mfumo wa kompyuta wa kukata tiketi, Sabre, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Marekani ilipoacha kupanga nauli za ndege mwaka 1978, mashirika yalilazimika kujua, kwa kila safari, viti vingapi viuzwe rahisi mapema na vingapi vihifadhiwe kwa mfanyabiashara atakayekuja siku ya mwisho. American ilikadiria kwamba hesabu hizo ziliipatia dola bilioni 1.4 katika miaka mitatu, na kazi hiyo ikashinda tuzo ya Franz Edelman mwaka 1991. Sehemu kubwa ya mbinu zinazofundishwa leo kwa jina la uchanganuzi wa biashara zilinolewa kwenye viti vya ndege. Leo ndege kubwa pia hurekodi mamia ya vipimo katika kila safari, na mashirika husoma rekodi hizo kutafuta mienendo hatari, kama vile kukaribia uwanja kwa kasi kupita kiasi, kabla haijawa ajali. Air Tanzania, tangu ufufuo wake ulioanza mwaka 2016, imepata ndege za aina kadhaa, za Bombardier, Airbus na Boeing, na kupanga ndege za aina hizo, marubani wake, mafuta na matengenezo ni kazi ya namba kila siku.

Pamoja na hayo, leseni ya rubani binafsi si ajira. Kisheria mwenye leseni hiyo haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege. Wa biashara anahitaji umri wa miaka 18 na saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa, na ile leseni ya juu kabisa ya kuwa nahodha wa ndege ya abiria inataka saa 1,500. Shirika humwajiri rubani kwa leseni ya biashara na saa zake, na humwajiri mchanganuzi kwa uwezo wa uchanganuzi. Mchanganuzi mwenye leseni binafsi ana faida moja halisi: anapoona kwenye rekodi kwamba ndege ilizunguka mara mbili kabla ya kutua, anajua kilichokuwa kinaendelea mle ndani. Faida hiyo ni ya thamani, lakini haiwezi kulipa deni la saa 40 peke yake. Kwa familia ya kipato cha kawaida, ninaona uchanganuzi uwe shina na urubani ufuate pale cheti cha afya na fedha vinapokuwa wazi. Mwenye nia ya urubani wa kazi apange mpaka saa 200 tangu siku ya kwanza, kwa sababu kusimama kwenye leseni binafsi ni kusimama katikati ya daraja.

Kuhusu mahali pa kusoma, Afrika Mashariki ilishawahi kuwa na wazo la pamoja. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, kikabaki mikononi mwa Uganda Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Nairobi, Wilson imezungukwa na shule za urubani. Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Mabibo, kimekuwa kikijenga kituo cha umahiri cha usafiri wa anga kwa mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wanaokwenda Marekani wajue kwamba tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, raia wa kigeni hawezi kuanza mafunzo ya kurusha ndege huko bila kupekuliwa na kupewa kibali cha usalama, na barua ya udahili ya chuo kikuu haichukui nafasi ya kibali hicho. Leseni ya nje nayo, ukirudi, hupitia utaratibu wa mamlaka ya nyumbani kabla haijakuruhusu kuruka hapa.

Lawama yangu ya mwisho ni kwa wanaofundisha. Shule na vyuo vingi hutangaza ada na kuacha saa za kuruka zijitokeze baadaye, kwa bili. Hakuna ugumu wa kuzionyesha. Kila saa ya mwanafunzi imeandikwa katika daftari lake la kuruka na katika kumbukumbu za ndege, kwa sababu mamlaka inataka hivyo. Kwa hiyo inajulikana wanafunzi walitumia saa ngapi mpaka kuruka peke yao, wangapi waliishia njiani na kwenye saa ya ngapi, ndege ilikaa chini siku ngapi mwezi wa nne, na jumla ya gharama ya waliomaliza ilikuwa kiasi gani. Chuo chenye wanafunzi wa uchanganuzi kinaweza kuwapa wa mwaka wa tatu kumbukumbu hizo, majina yakiwa yameondolewa, ziwe mradi wao wa kuhitimu. Jedwali litakalopatikana litoshee ukurasa mmoja, na ukurasa huo uwekwe juu ya fomu ya maombi, kabla dirisha lijalo la udahili halijafunguliwa.